Mwana Anapomnasihi Baba Yake Juu ya Ununuzi wa Shamba



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena katika siku hii tukufu ya Ijumaa, na twamwomba amshushie rehema na amani Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulifanya kwa siri wakalijutia hadharani, nalo ni ununuzi wa ardhi ndani ya jamaa: baba ataka kununua, mwana aona kasoro, naye hajui kama aseme au anyamaze.

Tutawasimulia lililoletwa mbele yetu hapa Mbalizi. Wenyewe wameturuhusu kulisema, kwa sharti kwamba majina yao tusiyataje.

Mbalizi, kwa wasiopajua, ni mji ulio juu ya barabara kuu iendayo Tunduma, magharibi ya jiji la Mbeya. Hapa ndipo zinapochepuka njia za mashambani: moja yaelekea Mkwajuni, nyingine yapanda Umalila kunakotoka viazi na pareto. Tangu uwanja wa ndege wa Songwe ulipofunguliwa mwaka 2012, na hasa tangu ilipoanza kazi ya kuipanua barabara kuu iwe ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, mwendo wa kilomita 29, ardhi iliyokuwa ikilimwa mahindi imegeuka bidhaa. Shamba ambalo zamani mwenyewe alimwomba jirani alilime bure lisiote pori, leo lina madalali watatu.

Mzee mmoja wa jamaa ya msikiti wetu aliingia nyanda hizi mwaka 1973, kijana wa miaka ishirini kutoka Pwani, akija kufanya kazi katika reli iliyokuwa ikijengwa kwenda Zambia. Reli ilikamilika mwaka 1975, wenzake wengi wakarudi kwao. Yeye akabaki, akaoa, akapata watoto watano: wawili wa kiume na watatu wa kike. Nyumba anayo, juu ya kiwanja kidogo cha mjini, lakini shamba hana. Kila msimu hukodi ekari moja au mbili kwa watu. Amekwisha kuwa mzee wa miaka sabini na zaidi, na haja yake imebaki moja, kwamba kabla ya kufa awe na kipande cha ardhi ambacho wajukuu watakionyesha na kusema, kwa babu ni hapa. Haja hiyo msiione ndogo. Mtu aliyehama kwao akiwa kijana huishi miaka hamsini miongoni mwa watu wema na bado siku ya msiba huulizwa, maiti apelekwe wapi?

Basi dalali akamjia na habari ya ekari tatu bondeni, kando ya kijito, kwa shilingi milioni 12. Bei hiyo ilikuwa karibu nusu ya ile waliyolipa majirani. Mzee alikuwa na milioni 4. Milioni 8 zilizobaki akamwomba mwanawe mkubwa, mwalimu wa shule ya sekondari huko Iringa, naye alikuwa nazo, akiba ya miaka sita. Mwana akapanda basi siku ya Alhamisi kuja kuliona shamba.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipotendeka, na lilikuwa la mwana. Alimkuta baba yake amekaa barazani pamoja na dalali na majirani wawili, akasikiliza bei, akasema mbele ya watu wote, “Baba, hawa wanataka kukuibia, nawe unawasaidia.” Neno lenyewe, kama mtakavyoona, halikuwa mbali na kweli. Lakini mzee alinyamaza, akainuka, na alipofika mlangoni akasema, “Mimi nilifika hapa wewe hujazaliwa.” Usiku ule hawakula sahani moja.

Ndugu zetu, tunaposoma katika Suratu Maryam namna Nabii Ibrahim alivyozungumza na baba yake, twaona kwamba alikuwa na neno zito kuliko maneno yote ya mashamba, kwani alikuwa akimwonya juu ya ibada ya masanamu. Hata hivyo aliyarudia mara nne maneno ya kumwita baba yake kwa upole, kila hoja akiianza kwa wito huo. Na baba alipokasirika na kumtisha, mwana alimjibu kwa salamu. Hakuificha kweli hata kidogo, ila alichagua mlango wa kuiingizia.

Wapo wanaodhani kwamba adabu kwa mzazi ni kunyamaza. Sisi hatukubali. Mtoto anayemwona baba yake akielekea shimoni, akanyamaza kwa kuogopa uso wake, amejihifadhi nafsi yake, na baba amemwacha aanguke. Nasaha ni haki ya baba juu ya mwanawe kama ilivyo haki yake kulishwa na kuvikwa. Lakini haki hailipwi kwa kumtupia mtu usoni mbele ya dalali.

Asubuhi ya Ijumaa mwana alifanya lililompasa kulifanya kabla ya kusema lolote. Alikwenda peke yake kwenye ofisi ya kijiji, akamsalimu mtendaji, akauliza shamba lile linajulikana kuwa la nani. Kisha akawazungukia wenye mashamba yanayopakana nalo, akakaa nao, akasikiliza. Baada ya sala walitujia wote wawili, baba na mwana, wasiotazamana, tukakaa nao ndani ya msikiti. Tulimwomba mwana azungumze na baba yake, asizungumze na sisi. Akaanza, “Baba, niwie radhi kwa ya jana. Nina niliyoyasikia leo, naomba uyapime wewe.”

Aliyoyasikia ni haya. Shamba halikuwa la muuzaji. Lilikuwa la marehemu baba yake, aliyeacha watoto wawili, huyu na dada yake mjane anayeishi Makongolosi, wilaya ya Chunya. Mirathi haikufunguliwa. Karatasi aliyokuwa nayo muuzaji ni muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye sahihi za wanaume wanne na muhuri uliofifia, na jina la dada halimo. Majirani walimwambia mwana kwa sauti ya chini kwamba bei ni rahisi kwa sababu muuzaji ataka kumaliza kabla dada hajasikia.

Na hapa yafaa tuseme kidogo juu ya sheria ya nchi, maana wengi huingia katika mauzo kwa kuamini maneno ya barazani. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Tunachouziana ni haki ya kuimiliki na kuitumia. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilitungwa mwaka 1999, zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ardhi iliyo chini ya kijiji haihamishwi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine bila idhini ya halmashauri ya kijiji, na hata kabla ya sheria hizo, mwaka 1985, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema kwamba mauzo yaliyofanywa bila idhini hiyo hayana nguvu. Ardhi ya marehemu haiuzwi na mtoto mmoja kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki kijijini. Huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na muhtasari wa ukoo si uteuzi huo. Ni karatasi ya kupelekea mahakamani. Tena muuzaji mwenye mke asiuze nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe; hilo limo katika Sheria ya Ndoa tangu mwaka 1971.

Wapo waliotuambia kwamba kwa mila za huku binti hana fungu katika shamba la baba. Tuwajibu kwa mambo mawili. Sheria ile ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitangua mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, na Mahakama Kuu huko Mwanza ilikwisha kukata shauri la namna hiyo mwaka 1990, ikaamua kwamba mwanamke anayo haki ile ile ya mwanamume juu ya ardhi ya ukoo. Ama kwetu sisi Waislamu, fungu la binti limetajwa ndani ya Qurani, wala halingoji radhi ya kaka yake.

Mtume wetu alipofika Madina, akataka kujenga msikiti, mahali palipochaguliwa palikuwa pa mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Wao na jamaa zao walitaka kupatoa bure. Hakukubali mpaka alipolipa thamani yake. Tafakarini jambo hilo. Mnunuzi ni Mtume, kinachojengwa ni nyumba ya Mwenyezi Mungu, wenye mali wameridhia kwa moyo safi, na bado haki ya wanyonge hao ililipwa. Sasa itakuwaje kwa shamba la mahindi, ambalo mwenye fungu hajaulizwa wala hana habari kwamba linauzwa? Onyo la Mtume juu ya anayedhulumu shubiri ya ardhi mnalijua, nasi hatutalirudia. Ila tukumbuke kwamba mnunuzi aliyekwisha kujua naye ameingia katika dhuluma ile, hata awe ametoa fedha zake kamili.

Mzee alisikiliza haya bila kuinua macho. Kisha akasema, “Kwa hiyo ile nusu ya bei ni fungu la yule mama.” Hatukuwa na la kuongeza.

Lakini hakukata tamaa upesi, maana mtu aliyengoja miaka hamsini hakati tamaa kwa siku moja. Akasema, “Twendeni tukalione, tujue ni kitu gani hasa.” Siku ya Jumamosi tulifuatana nao. Dalali alitutangulia njiani, akitueleza kwamba kuna mtu wa Tunduma anakuja kesho na fedha taslimu. Huyu mtu wa Tunduma tumemsikia mara nyingi. Kila shamba linalouzwa hapa Mbalizi yumo njiani kulijia, wala hajafika hata siku moja.

Muuzaji alilipima shamba mbele yetu kama watu wote wanavyopima, hatua 70 kwa 70 kuwa ekari moja. Kipimo hicho si kibaya, maana kina asili yake: hatua ikiwa sawa na yadi moja, yaani sentimita 91 hivi, hutoka eneo lililo karibu sana na ekari kamili ya mita za mraba 4,047. Tatizo ni mguu wa nani. Mwana alikuwa amekuja na futi kamba ya mafundi, akapima hatua za muuzaji, akaona ni sentimita 75. Hatua 70 za namna hiyo ni mita 52 na nusu, na eneo lake ni mita za mraba 2,756, ambazo ni theluthi mbili tu za ekari. Ekari tatu za muuzaji zikawa ekari mbili na kidogo. Tena upande wa chini ulikuwa unagusa kijito, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za maji. Pale penye udongo mweusi palipomvutia mzee ndipo hasa asiporuhusiwa kujenga.

Hatusemi muuzaji alidanganya kwa makusudi katika hatua zake. Ni mtu mfupi.

Tulirudi mjini, na hapo likatokea jambo ambalo kwetu lilikuwa zito kuliko la muuzaji na dada yake, kwa kuwa lilikuwa ndani ya nyumba yenyewe. Mwana alisema kwamba hili shamba likitengenezeka, au likipatikana jingine, hati iandikwe kwa jina lake yeye, kwa sababu milioni 8 katika 12 ni zake, na kwa sababu baba ni mzee. Alilisema kwa upole safari hii. Lakini mzee aliumia kuliko alivyoumia Alhamisi, akatuambia, “Mnamsikia? Anataka nilime kwake kama ninavyolima kwa watu.” Mwana naye akasema kwamba akiandika jina la baba, siku ya kufa dada zake na mdogo wake watagawana fedha zake.

Wote wawili walikuwa na haki, na wote wawili walikuwa wakikimbia jambo moja, nalo ni kuandika. Katika jamaa zetu kuandikiana baina ya baba na mwana huonekana kama dharau, kana kwamba mmoja amemwita mwenzake mwizi. Na hali aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu jambo hilohilo la kuandika deni, na mwandishi, na mashahidi. Haikumtoa baba wala mwana katika hukumu yake. Masahaba hawakuona aibu kuuliza juu ya ardhi zao: Sayyidna Umar alipopata ardhi huko Khaybar alimwendea Mtume akamtaka shauri, na kwa shauri lile akaifanya wakfu.

Tukamweleza mwana kwamba kwanza aamue milioni zake 8 ni kitu gani, maana fedha isiyo na jina huzaa ugomvi. Zikiwa hiba, basi baba amezipokea, shamba ni la baba, na siku ya mirathi ndugu wote watano na mama yao watarithi, wala mwana hatadai kwamba alitoa zaidi. Zikiwa mkopo, zitaandikwa kuwa mkopo, baba atalipa kadiri awezavyo, na akifa deni hutolewa kabla ya mali kugawanywa. Zikiwa ushirika, mwana ana theluthi mbili za shamba tangu siku ya kwanza, mipaka yake ijulikane, na kitakachorithiwa ni theluthi ya baba peke yake. Njia zote tatu ni halali. Iliyo haramu ni kuzitoa kama hiba leo, baba akafurahi na kumwombea dua mbele ya watu, na kuzidai kama ushirika juu ya kaburi lake.

Mwana aliomba muda mpaka Alasiri. Tunamsifu kwa hilo, kwani wengi hujibu palepale kwa ukarimu wasiouweza. Aliporudi alisema kwamba milioni 4 ni hiba kwa baba, na milioni 4 ni ushirika. Hivyo katika kila ekari tatu mbili ni za baba na moja ni ya mwana. Binti mkubwa, ambaye ndiye anayemnunulia mzee dawa kila mwezi, aliuliza kama dawa nazo zitaandikwa. Mzee alicheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi, akasema kwamba zikiandikwa hizo shamba lote litakuwa lake. Lakini swali lile lilikuwa la haki, na tuliandika katika karatasi kwamba watoto wote watano wamesomewa, wakaweka sahihi, na nakala ikabaki kwa mama.

Dalali hakuwako. Alikuwa amekwisha kwenda kumngoja mtu wa Tunduma.

Sasa sikilizeni alivyofanya mzee, maana mpaka hapa mngeweza kudhani kwamba nasaha yote ilitoka kwa mwana. Mwana alishauri waliache shamba lile kabisa, watafute jingine lisilo na matata. Lilikuwa shauri la busara. Mzee alilisikiliza, kisha akasema, “Wewe umesoma karatasi. Yule mama wa Makongolosi nani amemsoma?” Jumanne alipanda basi la Chunya peke yake. Hakwenda kununua. Alikwenda kumpa habari, kwa sababu aliona kwamba mtu aliyekwisha kujua dhuluma ya jirani hawezi kuondoka tu na fedha zake mfukoni akaiacha ikimngoja mnunuzi mwingine.

Alikaa Makongolosi siku mbili. Yule mama hakuwa na habari yoyote. Hakulia wala hakumlaani kaka yake. Aliuliza tu kama mwembe bado upo, na kama kaburi la mama yao, lililo upande wa juu wa shamba, bado linapaliliwa. Mwishowe alisema kwamba hakatai kuuza, maana yeye yuko mbali na kaka yake ana shida kweli, ila ataka fungu lake mkononi mwake, na kaburi libaki nje ya mauzo na njia ya kulifikia. Mzee alirudi na maneno hayo akampelekea muuzaji nyumbani kwake usiku, pasipo dalali, akamweleza faraghani. Tuliambiwa kwamba muuzaji alifoka sana. Juma lililofuata alionekana katika mahakama ya mwanzo akiulizia namna ya kufungua mirathi.

Bei imepanda, kama ilivyopasa. Ekari zitapimwa upya kwa kamba, na halmashauri ya kijiji itakaa baada ya msimamizi kuteuliwa. Huenda mzee akapata ekari moja na nusu badala ya tatu, na huenda asipate. Shauri lingali mahakamani. Mvua za Novemba zilipoanza, alikodi ekari moja kwa jirani kama desturi yake, na mwana alikuja likizo mwezi wa Desemba akamsaidia palizi ya kwanza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape subira wote wanne, mzee na mwanawe, muuzaji na dada yake. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.